Fundi Kaza na Koki Kumi na Moja

Watu walimwita Kaza, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko ovaroli yake. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa kwenye kitambulisho na kwenye fomu za bima, na huko ndiko lilikopumzika. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa magari wa kiwanda cha mikate, na katika miaka yote hiyo hakuna bolti, nati wala kifuniko kilichopita mikononi mwake kikathubutu kulegea. Tatizo dogo tu ni kwamba havikuthubutu kufunguka pia.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya kiwanda, chini ya paa refu la bati. Kulikuwa na shimo moja la fundi kuingia chini ya gari, kabati la spana, benchi yenye jiliwa la kubania vyuma, na dirisha ambalo kioo chake kilikuwa kimeonja oili mpaka kikakataa kupitisha mwanga. Upande wa kulia iliingia harufu ya mkate unaotoka tanuri, upande wa kushoto harufu ya oili chafu. Aliyefanya kazi hapo kwa muda mrefu alifika mahali akila mkate nyumbani anahisi kuna kitu kimepungua.

Magari yalikuwa kumi na moja, yote ya kubebea mikate, yamepakwa namba mlangoni kuanzia moja hadi kumi na moja. Yalitoka alfajiri, yakarudi adhuhuri, na kila baada ya wiki kadhaa kila moja lilipanda juu ya shimo limwagwe oili chafu na kutiwa safi. Kazi yenyewe haina siri. Chini ya injini kuna sampu, lile bakuli linamokaa oili. Chini ya sampu kuna bolti moja. Unaifungua, oili inatoka. Unaifunga, unatia oili mpya. Mtoto wa shule angeielewa.

Lakini mtoto wa shule asingeweza kuifunga kama Kaza. Kwanza alikaza kwa spana. Kisha alichomeka kwenye mkia wa spana bomba la chuma lenye urefu wa mkono wake, akaning'inia. Akapumua. Akasema, "Bado." Akaning'inia tena, mpaka gari lenyewe ligune. Hapo ndipo alipoipigapiga sampu kwa kiganja, kama mtu anayemuaga mgeni, na kusema, "Sasa nenda ukazurure."

Nyumbani hali ilikuwa ileile, ila nyumbani hakukuwa na bomba la chuma. Mke wake alikuwa mshonaji wa nguo mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake, naye alikuwa na utaratibu: mumewe akifunga chupa ya asali, asali hiyo ihesabiwe imefariki. Jirani alipokuja kuomba chumvi aliambiwa, "Chumvi ipo, shoga yangu, ila mlinzi wake yuko kazini mpaka saa kumi."

"Mama watoto," Kaza alimuuliza siku moja, kwa uchungu wa mtu asiyeeleweka, "kwani mnapenda vitu vikae wazi?"

"Baba watoto, mimi napenda kula tu."

Basi maisha yalikwenda hivyo, na yangeendelea hivyo, kama Meneja asingeleta mkuu mpya wa usafirishaji.

Kaza alijiandaa wiki nzima kumpokea mkuu huyo. Alitegemea bwana wa viatu vinavyong'aa atakayesimama mlangoni akashika pua, akauliza maswali mawili, akaondoka asionekane tena, kama wakuu watatu waliomtangulia. Kumbe akaja binti, umri sawa na kitinda mimba wake mwenyewe, amevaa viatu vya turubai na ovaroli iliyofuliwa. Wote wakamwita Injinia. Siku ya kwanza tu aliomba tochi akashuka shimoni. Kaza akabaki juu, amesimama katikati ya karakana yake mwenyewe kama mgeni asiye na kiti.

Injinia alikaa chini ya magari siku mbili. Alipomaliza alikuwa na daftari lililojaa. Sampu saba kati ya kumi na moja zilikuwa zimeliwa meno pale bolti inapoingia. Mbili zilizibwa kwa gundi. Moja ilikuwa na bolti kubwa kuliko tundu lake, imelazimishwa kwa nyundo. Na hiyo moja iliyosalia haikujulikana hali yake, kwa sababu hakuna aliyeweza kuifungua.

"Mzee," aliuliza kwa adabu, "nani anafunga hizi bolti?"

"Mimi."

"Unakaza kwa kipimo gani?"

"Mpaka moyo utulie."

Injinia alitazama daftari lake, pengine akitafuta ukurasa wa mioyo. "Bolti ni chuma, mzee. Sampu ni aluminiamu, ni laini. Ukilazimisha, atakayeumia ni sampu."

"Na ikilegea, atakayeumia ni mwenye gari," Kaza akajibu, akaenda kufuta spana ambazo zilikuwa safi.

Wiki ya tatu lilifika sanduku. Sampu zilikuwa zimekwisha kutengenezwa, na Injinia aliwaita madereva wote karakanani. Ndani ya sanduku mlikuwa na vitu kumi na moja vya shaba, vidogo kama dole gumba, kila kimoja na kimkono pembeni.

"Hizi ni koki za kumwagia oili," alisema. "Koki inakaa mahali pa bolti, na ikishafungwa haitoki tena. Siku ya kumwaga oili unainua kimkono hiki, unakigeuza robo, oili inatoka. Ukimaliza unakirudisha. Spana haihitajiki, na meno ya sampu hayaguswi."

Madereva wakapitishiana koki moja kama watu wanaoonyeshwa pete ya uchumba. Dereva wa gari namba tisa, aliyeitwa Polepole kwa sababu hajawahi kwenda hivyo, aliifungua na kuifunga mara sita, akacheka. "Mzee Kaza, hapa sasa utafanya kazi gani?"

Kaza akampokonya. Aliishika koki kwa vidole viwili, mbali kidogo na mwili. "Hiki kimkono kinafunguka kwa kidole?"

"Kwa kidole," Injinia akasema.

"Kidole cha nani?"

"Cha yeyote, mzee."

"Barabara zetu zina mawe yenye vidole."

Watu wakacheka. Injinia naye akacheka kidogo, kisha akaeleza: jiwe linaweza kukigonga kimkono, lakini haliwezi kukiinua kwanza halafu likakigeuza. Kuna springi inayokishikilia ndani ya pengo lake. Kaza alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, kisha akasema, "Injinia, wewe bado hujakutana na mawe."

Hata hivyo amri ni amri. Alikabidhiwa koki zote azifunge, pamoja na spana ya ajabu yenye namba kwenye mpini. Spana hiyo ikifikisha nguvu iliyotakiwa inalia "tak", na fundi anatakiwa aache hapohapo. Kaza alifunga koki kumi na moja kwa siku mbili. Kila ilipolia tak, mikono yake ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kupata joto. Alijihisi kama mtu aliyekaribishwa mezani, akanawa, akavuta kiti, kisha akaambiwa asante kwa kuja.

Siku ya tatu akaanza kazi yake mwenyewe. Injinia alitoka saa kumi kamili. Kaza alibaki. Alichukua waya, akauzungusha kwenye kimkono cha koki mara tatu, akausokota kwa koleo. Juu ya waya akafunga ukanda wa tyubu ya tairi, akauvuta mpaka ukabadilika rangi. Aliyafanya hayo gari baada ya gari, jioni tatu mfululizo. Alipofika namba tisa alimfikiria Polepole na mwendo wake, akaongeza waya wa pili, ukanda wa pili, na klipu ya bomba la maji juu yake, kisha akaikaza klipu. Alirudi nyumbani akipiga mluzi. Kwa mara ya kwanza tangu sanduku lile lifike alilala usingizi wa pono.

Mwezi haukwisha, Meneja akataka kuona maajabu. Alikuwa mtu wa vikao, mwenye tai na sauti ya kusoma taarifa hata anapoomba chai. Injinia alikuwa amemwahidi kwamba sasa kumwaga oili kunaanza ndani ya sekunde tano, na gari zima linahudumiwa kabla chai haijapoa. Meneja akaja na saa yake mkononi, akasimama ukingoni mwa shimo. Madereva wakakusanyika. Injinia akaomba liletwe gari lolote. Lililokuwa karibu lilikuwa namba tisa.

Alishuka shimoni. "Anzeni kuhesabu," alisema.

Meneja akaanza. Alipofika kumi na tano akanyamaza. Chini ya gari palikuwa kimya kabisa.

"Mzee Kaza," sauti ya Injinia ikatoka chini.

"Naam, Injinia."

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni koki."

"Hii iliyoifunika koki."

"Huo ni usalama."

Akaomba bisibisi. Akaomba koleo. Akaomba kisu. Akaomba koleo nyingine, kubwa zaidi. Polepole alikuwa mwepesi kumpelekea vifaa, na kila alipoinama kumpa alirudi juu na uso uliokazwa ili usicheke. Chai ya Meneja ililetwa, ikanywewa, kikombe kikarudishwa. Dakika ya thelathini na nne oili ikaanza kutoka.

Meneja aliitazama saa yake, akalitazama paa la bati. "Ni ya haraka," alisema taratibu, "ukilinganisha na nini?"

Madereva walishindwa kuvumilia. Injinia alipanda kutoka shimoni, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Kaza. Alisema tu, "Kesho saa mbili, mzee, mimi na wewe."

Jioni ile Kaza alimsimulia mkewe akitegemea kuhurumiwa. Hatujui alitegemea hivyo kwa msingi gani, maana alikuwa ameishi naye miaka thelathini. Mkewe alisimamisha cherehani.

"Ngoja nielewe. Wamekuletea kitu kisichohitaji spana."

"Ndiyo."

"Wewe ukakifanya kihitaji spana."

"Koleo."

"Koleo. Halafu ukatia na mpira."

"Ndiyo."

"Hukufikiria kufuli?"

Kaza akainama kuvua viatu. Alikuwa amelifikiria sana kufuli. Lilikosa mahali pa kupita tu.

Asubuhi alifika karakanani amevaa shati la kupokelea barua ya kufukuzwa. Injinia alikuwa ameketi kwenye benchi, kando ya jiliwa.

"Sitaki kubishana na wewe, mzee. Umekuwa hapa tangu mimi sijajua kusoma. Tufanye hivi: chagua gari unalotaka, chagua na njia. Koki iwe tupu, bila waya. Zunguka nalo siku nzima. Likivuja tone moja la oili, nazitoa koki zote kumi na moja kwa mkono wangu, na bolti zako zinarudi."

"Tone moja?"

"Moja."

Kaza hakuamini masikio yake. Alichagua namba tisa, na njia ya Polepole, ile inayopita kwenye machimbo ya kokoto, barabara ambayo mawe yake makubwa yangefaa kujengea msingi wa nyumba. Kwa kuwa huduma ya gari lile ilikatizwa na kicheko siku iliyotangulia, alitia oili mpya kwa mkono wake, na filta ya oili akafunga mpya. Kuhusu namna alivyoifunga filta ile, aliyesoma mpaka hapa anaweza kujisimulia mwenyewe.

Wakaondoka, Polepole kwenye usukani, Kaza pembeni na tochi, kipande cha mkeka na sanduku la vifaa vya akiba. Hawajafika mbali akasema, "Simama." Akatandika mkeka, akaingia chini ya gari, akamulika. Koki kavu. Wakaenda. "Simama." Kavu. Kwenye kituo cha tatu mwenye duka alitoka kupokea mikate yake, akakuta miguu miwili imetokeza chini ya gari.

"Kuna nini? Mmegonga mtu?"

"Tunamjulia hali mgonjwa," Polepole akasema. "Anaendelea vizuri, jambo ambalo linawasikitisha ndugu."

Kufikia kituo cha saba Kaza alikuwa ameanza kuichukia afya ya koki ile. Kila alipomulika ilikuwa inang'aa tu, kavu, imetulia, kama mtoto wa jirani anayesifiwa mbele ya wako. Kisha wakaingia njia ya machimbo. Polepole, kwa fadhila zake, hakupunguza mwendo. Mawe yaligonga chini ya gari kama mtu anayedai kufunguliwa mlango. Kaza alishikilia kiti na kusikiliza kila kishindo kwa matumaini.

Walipotoka upande wa pili alisema, "Simama," akashuka mbio, hata mkeka akausahau. Akalala chini kifudifudi. Pale kwenye ncha ya koki, tone jeusi lilikuwa limening'inia. Likaanguka. Likafuata jingine.

Uso wa Kaza ulipata nuru ambayo mkewe hakuwa ameiona tangu siku ya harusi. Alipiga simu akiwa bado amelala chini.

"Injinia? Njoo. Na ukija, njoo na bolti."

Injinia alifika kwa pikipiki ya kiwanda, nguo zote zimejaa vumbi. Aliomba kitambaa, akaingia chini ya gari, akaifuta sampu, akaifuta koki, akapangusa kila mahali mpaka pakawa pakavu. Kisha akasema, "Polepole, washa injini." Wakasubiri, Injinia chali, Kaza kifudifudi kando yake. Polepole alipoona anakosa uhondo akaiacha injini inanguruma, akaingiza kichwa chake pia kutoka upande wa pili.

Koki ilikaa kavu. Walisubiri. Halafu juu kabisa, kwenye ukingo wa filta, pakatoka unyevu mweusi. Ukavimba, ukawa tone, ukateleza kwenye ubavu wa sampu, ukashuka taratibu mpaka kwenye koki, ukaning'inia kwenye ncha yake kana kwamba pale ndipo ulipozaliwa.

"Ni filta," akasema Polepole, ambaye hakuna aliyemuuliza.

"Raba yake imekatika," Injinia akasema. "Imebanwa mpaka imekatika. Nani aliifunga?"

Kaza akazima tochi.

"Si mimi," akasema Polepole.

Injinia hakukazia hapo. Alimwambia tu Polepole akazime injini. Kwa kuwa Kaza hakuamini chochote chini ya jua, alikuwa amebeba filta ya akiba, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kuitoa ya zamani. Wakangoja ipoe. Injinia akajaribu kwa mkono, haikutikisika. Polepole akajaribu, akapata maumivu ya kidole na akaridhika. Ikabaki zamu ya mwenyewe. Mnyororo wa kufungulia filta ulikuwa karakanani, bomba la chuma lilikuwa karakanani, na bega la kulia la Kaza, ambalo kwa miaka minne alikuwa hamwambii mtu kwamba linauma, lilikuwa palepale pamoja naye. Alishika. Alivuta. Alikunja goti, akakanyaga ekseli, akavuta tena, jasho likamwingia machoni. Siku hiyo Kaza alikutana na Kaza, na Kaza akashindwa.

Mwishowe alichukua bisibisi kubwa na nyundo, akaitoboa filta kutoka ubavu hadi ubavu, akaigeuza kwa kuitumia bisibisi kama mpini. Ilifunguka kwa mlio wa kuudhi, na oili ikashuka kwenye mkono wake, ikaingia ndani ya shati, ikatafuta njia mpaka kwapani. Alibaki amelala hapo chali. Polepole, ambaye wakati mwingine alikuwa na akili, alisema anapeleka mikate kwa miguu kwenye duka lililo mbele, akaondoka.

"Mzee, umeumia?" Injinia akauliza.

"Hapana." Kisha, akiitazama sampu iliyokuwa shibiri moja juu ya pua yake, akasema jambo ambalo hata mkewe alikuwa amelisikia nusu tu.

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, anajifunza ufundi kwenye gereji ya mtu. Siku moja aliachiwa kwa mara ya kwanza amwage oili peke yake. Gari lilikuwa teksi, na mwenye teksi hakuwa na kitu kingine duniani. Kaza alirudisha bolti kwa vidole, akataka kwenda kuchukua spana, akaitwa akale. Aliporudi, mwenye gari alikuwa amekwisha kuondoka. Gari lilifika mlimani, bolti ikaanguka, injini ikafa hapohapo.

"Mwalimu wangu alinitukana, hilo sikujali," alisema. "Mwenye gari hakunitukana. Alikaa juu ya tairi, kofia kwenye magoti. Baada ya miezi kadhaa nikamwona anasukuma mkokoteni wa maji. Akanisalimia. Akanisalimia vizuri tu, akaniuliza habari za nyumbani."

Injinia aliondoa jiwe lililokuwa likimchoma mgongoni. Kwa mbali ilisikika mashine ya kuvunjia kokoto.

"Bolti ile hukuilegeza, mzee," alisema. "Uliisahau. Hata ungekuwa na nguvu za ng'ombe wawili ungeisahau vilevile. Dawa ya kusahau ni kurudi kuangalia."

Kaza aliifuta oili shingoni. Alikuwa amebeba jambo hilo kwa miaka thelathini na sita, na binti huyu alikuwa ameligeuza upande kwa maneno machache, akiwa amelalia kokoto, tena bila hata kumtazama. Alitaka kukasirika. Alitafuta hasira, akakuta imetoka pamoja na filta.

"Haya, funga hiyo mpya," Injinia akasema. "Kwa mkono."

"Kwa mkono tu?"

"Mkono mmoja."

Alipaka raba oili safi, akaizungusha filta mpaka ikagusa, akaongeza kidogo. Mkono ukabaki pale umeishikilia.

"Bado?" akauliza.

"Tosha."

Wakaongeza oili iliyopotea, wakarudi. Njiani Kaza alisimamisha gari mara nne tu, jambo ambalo Polepole aliliita muujiza. Halikuvuja popote. Kufikia saa tisa alasiri kiwanda kizima, pamoja na wakanda unga na bibi wa mapokezi, kilikuwa kinajua habari ya Kaza na filta, na kila aliyesimulia aliongeza uzito wa nyundo.

Kesho yake alizitoa waya zote mwenyewe. Ilimchukua siku nzima na nusu, maana alikuwa ameifanya kazi ile kwa moyo. Alipomaliza akaomba ruhusa ya jambo moja: kopo la rangi nyeupe. Kwenye kila gari alichora mstari mmoja mwembamba, unaoanzia kwenye koki na kuishia kwenye sampu. Koki ikisogea hata unywele, mstari unakatika, na mtu yeyote mwenye macho anaona. Filta nazo akazichorea kila moja mstari wake. Injinia alishuka shimoni, akamulika, akakaa huko muda.

"Hii umejifunza wapi, mzee?"

"Nilikuwa naangalia mara ya pili," Kaza akasema, "nikachoka kukumbuka ya kwanza ilikuwaje."

Injinia akaifanya kuwa sheria. Kuanzia siku hiyo hakuna gari lililotoka kabla dereva hajainama na tochi akaona mistari yake miwili. Msije mkadhani Kaza alilainika. Alihama tu kutoka kwenye kuyatesa magari, akaanza kuwatesa madereva. Alisimama langoni alfajiri, mikono nyuma, na aliyejidai ameshaangalia aliulizwa, "Mstari wa filta uko upande gani?" Polepole, ambaye tumbo lake halikupenda kuinama, alifikia kusema hadharani kwamba bora zirudi bolti. Lakini kwa miaka miwili iliyofuata hakuna sampu iliyoliwa meno, wala gari lililoacha alama ya oili barabarani. Bega la kulia lilipumzika kiasi kwamba Kaza alianza kulitaja mbele za watu, kama mtu anavyotaja ugonjwa akishapona.

Spana ile ya tak alizoea kuitumia. Kuipenda hakuipenda. Ilipolia, alikunja uso kama aliyekatizwa maneno, lakini aliacha.

Mwaka ule wa koki ulipokwisha kiwanda kilitoa jarida lake, lile linalobandikwa kwenye ubao karibu na saa ya mahudhurio. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha kubwa ya Meneja, tai nyekundu, ameishika koki kwa vidole viwili na kutabasamu. Chini yake paliandikwa namna Meneja alivyobuni mfumo wa kisasa wa kuhudumia magari. Injinia hakutajwa. Fundi hakutajwa. Mistari myeupe ilitajwa, ikaitwa mkakati.

Wafanyakazi walijazana pale ubaoni, wengine wakanung'unika, na Polepole akamvuta Kaza kwa mkono aje asome. Kaza alivaa miwani, akasoma maneno yote mpaka nukta ya mwisho. Kisha akaisogelea picha.

"Ameishika juu chini," alisema.

"Ndiyo hilo tu uliloona?" Polepole akauliza.

"Akiifunga hivyo haitamwaga kitu," Kaza akasema, akaivua miwani na kurudi karakanani. Juu ya shimo lilikuwa limepanda gari namba nne, na tone la mwisho la oili yake lilikuwa bado halijaanguka.